Taa Niliyoizima: Juu ya Mifuko ya Hewa katika Magari ya Haibridi Yaliyotumika

(Haya ni maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, uliofanyika katika bwalo la shule. Tumeyachapa kwa idhini yake, kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo. Nadhani alitazamia nizungumzie utumishi wa serikali, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimeona nisifanye hivyo. Mtumishi wa serikali akianza kueleza kazi yake, mchana huu wa joto na baada ya pilau tuliyokula, hatabaki mtu macho humu ndani.

Nitazungumza juu ya magari. Wakati wetu, shuleni hapa palikuwa na Land Rover moja ya Mwalimu Mkuu na lori la kuletea mahindi, ambalo mara nyingi tulilisukuma kuliko lilivyotubeba. Asubuhi ya leo nimehesabu chini ya miembe ile magari 23 ya wanafunzi wa zamani. Kati ya hayo, 9 ni ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Karibu yote yametumika Japani kwanza. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Langu ni mojawapo.

Tunayapenda magari hayo kwa sababu moja iliyo wazi. Yanakunywa petroli kidogo. Katika foleni za mjini injini hunyamaza, umeme huvuta gari, na mfuko wa mwenye gari hupumua. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya mfuko mwingine, ule uliokunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi, ambao wengi wetu hatujauona hata siku moja. Huo ni mfuko wa hewa, au kama mafundi wetu wanavyouita, eabegi. Nina jambo la kukiri juu yake, na nitalikiri mbele ya mtu niliyemkosea, kwani yumo humu ukumbini na ameniruhusu.

Mwaka 2019 nilinunua gari dogo la haibridi lililotumika. Baada ya mwaka hivi, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi: picha ya mtu aliyekaa, na duara mbele yake. Gari lilikwenda vizuri. Halikutetemeka wala halikupungua nguvu. Nikalipeleka kwa fundi. Akalipima kwa mashine yake, akaniambia kuna waya umekatika ndani ya usukani, na kifaa kipya ni ghali na huagizwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani, kwamba kwa shilingi 30,000 angeweza kuizima ile taa. Nilimwuliza kama kuna madhara. Akajibu, "Mzee, gari linatembea, au halitembei?"

Nikalipa shilingi 30,000. Taa ikazibwa, nami nikaisahau.

Miaka miwili baadaye niliamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa mdogo wetu wa shule hii hii, aliyenifuata kwa miaka kadhaa, naye leo ni mwalimu na baba wa watoto watatu. Tulikubaliana bei kama ndugu. Akaniuliza, "Kaka, gari lina tatizo lolote?" Nikamjibu, "Halina." Nilisema hivyo bila kigugumizi, na ndiyo sababu jambo hili linaniuma hadi leo.

Wengi wenu mnamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia. Mwanafunzi aliyeingia maabara yake na kuanza kupima kabla ya kutazama sifuri ya chombo, alitolewa nje. Alikuwa akisema kwamba chombo kisichoonyesha sifuri kitakudanganya katika kila kipimo. Basi mdogo wetu huyu alikaa nyuma ya usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaanza kuhesabu taa za dashibodi kwa kidole, moja moja. Alipomaliza akasema, "Kaka, taa zote zimewaka na kuzimika, isipokuwa ya eabegi. Hiyo haikuwaka kabisa. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Yaani nilikuwa nalo, lakini halikutoka.

Siku ile ile tulikwenda kwa fundi mwingine aliyesomea kazi hiyo, gari likafunguliwa. Waya wa ndani ya usukani ulikuwa umekatika kama nilivyoambiwa. Lakini upande wa abiria tulikuta jambo ambalo sikulijua. Kifuniko cha dashibodi kilikuwa kimebandikwa kwa gundi, na chini yake hamkuwa na mfuko wowote. Palikuwa na tundu tupu. Kwenye plagi ya waya mtu alikuwa amefunga kipande kidogo cha ukinzani wa umeme, ili kompyuta ya gari idhani kwamba mfuko upo. Gari lile lilikwisha kupata ajali kabla sijalijua, mfuko ukafyatuka, na mtu akaona ni nafuu kuidanganya kompyuta kuliko kununua mfuko mpya.

Ndugu zangu, kwa miaka mitatu mke wangu alikaa kwenye kiti kile. Mtu nisiyemjua alinidanganya mimi, nami nikawa tayari kumdanganya mdogo wangu kwa namna ile ile. Na lau taa ile ingeachwa iwake, ningelazimika kulifungua gari, na tundu lile lingeonekana mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilibahatika kuumbuliwa na mwalimu.

Sasa niwaeleze kwa ufupi chombo chenyewe, hasa kwa ajili ya wanafunzi, kwa kuwa mambo haya mnayasoma darasani.

Kanuni ya kwanza ya Newton yasema kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Gari likigonga mti, gari husimama, lakini wewe uliye ndani huendelea mbele kwa mwendo ule ule, mpaka uzuiwe na mkanda, au usukani, au kioo. Mfuko wa hewa umewekwa ili kichwa na kifua vizuiliwe na kitu laini. Sensa hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo kwa ghafula, na kompyuta huamua kama hiyo ni ajali au ni shimo la barabarani. Ikiwa ni ajali, hupeleka umeme kidogo kwenye kopo la chuma lenye kemikali, kemikali huungua, gesi hutoka, na mfuko hujaa. Kazi hiyo yote huchukua sehemu chache tu za mia moja za sekunde, muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kwa hiyo mjue kwamba nyuma ya kitambaa kile mna kitu cha jamii ya baruti. Kikiwa kizima, huokoa maisha. Idara ya Marekani inayosimamia usalama barabarani imekadiria kwamba kati ya mwaka 1987 na 2017 mifuko ya mbele iliokoa watu 50,457 katika nchi hiyo peke yake. Basi asitoke mtu hapa akasema kwamba nimewashauri kuing'oa. Lakini kikiwa kibovu, kinaweza kukosa kufanya kazi siku unapokihitaji, au kikamwumiza yule kilichowekewa kumlinda.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa kampuni ya Takata ya Japani. Kampuni hiyo ilitumia kemikali iitwayo amoniamu naitreti, ambayo ni ya jamii moja na mbolea tunazozijua vijijini. Kemikali hiyo huharibika polepole ikikaa miaka mingi katika joto linalopanda na kushuka, pamoja na unyevu wa hewa. Punje zake hulegea, na siku ya kuungua huungua kwa kasi mno. Badala ya gesi kutoka kwa kipimo, kopo la chuma hupasuka, na vipande vyake hupita katika mfuko na kumrukia dereva usoni na shingoni. Mwezi Novemba 2008 kampuni ya Honda iliita magari yake kama 4,000 yarudishwe kutengenezwa. Mwaka 2009, huko Oklahoma, msichana wa miaka 18 alikufa katika mgongano mdogo kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mgongano wenyewe haukuwa wa kumwua mtu. Kilichomwua ni kipande cha chuma kilichotoka kwenye kifaa cha kumlinda.

Baada ya hapo magari yaliitwa mwaka hata mwaka. Huko Marekani peke yake, mifuko ipatayo milioni 67 iliitwa, na duniani kote inakadiriwa kufika kama milioni 100. Mwezi Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la udanganyifu na kulipa dola bilioni 1, kwa kuwa ilificha majibu ya vipimo vyake yenyewe. Mwezi Juni mwaka huo ikafilisika. Hadi mwaka 2024 Marekani ilikuwa imethibitisha vifo 28, na majeruhi wasiopungua 400. Malaysia nako watu walikufa. Tazameni tena mzizi wa mambo: kipimo kilisema kweli, na watu wakaamua kukificha. Wao walificha kwa mamilioni ya dola, mimi kwa shilingi 30,000.

Je, jambo hili lahusu haibridi? Lahusu. Katika magari ya Honda yaliyoitwa kwa ajili ya mifuko ya Takata yamo Fit na Insight ya haibridi. Na Toyota nayo, mwezi Juni 2016, iliita magari milioni 1.43 ya aina ya Prius na Lexus CT200h, yaliyotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Aprili 2012. Kasoro hiyo ilikuwa nyingine, wala haikuhusu Takata. Ilikuwa katika mifuko ya pembeni, ile inayoshuka kama pazia juu ya madirisha. Kopo lake la gesi lina vyumba viwili vilivyounganishwa kwa kuchomelewa, na iligunduliwa kwamba mahali pa kuchomelea paweza kupata ufa. Kopo likiachana, mfuko unaweza kuanza kujaa hata gari likiwa limeegeshwa, na vipande vya kopo vyaweza kuingia ndani ya gari.

Nawaomba msinielewe vibaya. Sisemi kampuni hizi ni mbaya. Kampuni inayosema hadharani kwamba imekosea na kuita magari yake ni bora kuliko inayonyamaza. Taabu yetu sisi iko mahali pengine. Barua ya kuita gari hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa Japani. Gari likishapakiwa melini kuja Dar es Salaam au Mombasa, barua ile haina tena anwani. Mwezi Mei 2018 wizara ya uchukuzi ya Japani ilianza kukataa kuhuisha ukaguzi wa magari yenye mifuko ya hatari ya Takata ambayo haijabadilishwa. Ilikuwa sheria nzuri kwa Wajapani. Lakini jiulizeni: gari lisilopita ukaguzi wa kwao, ambalo mwenyewe hataki kulitengeneza, litabakiwa na njia ngapi? Kuvunjwa vyuma ni njia moja. Kuuzwa ng'ambo ni nyingine.

Tena kumbukeni nilivyosema juu ya joto na unyevu. Huko Marekani waliyatanguliza katika matengenezo majimbo yenye joto na hewa nzito, kama Florida na Hawaii na yale ya pwani ya Ghuba ya Meksiko, kwa sababu huko ndiko makopo yaliharibika upesi. Mtu wa Tanga, wa Unguja, wa Mombasa au wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa joto na unyevu ni kitu gani. Gari linaloshinda juani pwani, madirisha yamefungwa, liko katika hali ile ile inayoharibu kemikali hiyo.

Kuna jambo jingine la haibridi ambalo wenye magari wengi hawalijui, na hata mimi sikulijua mpaka yaliponifika. Betri kubwa ya Prius ya wakati ule ina volti kama 200, na umeme huo hupandishwa ndani ya gari hadi kufikia volti 650. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Nyaya zake zimepewa rangi ya machungwa ili mtu asiziguse. Sasa, katika haibridi za Toyota, kompyuta ya mifuko ya hewa ikitambua mgongano wa kufyatua mifuko, ishara hiyo ndiyo hutumika pia kuzifungua rilei kuu, na umeme mkubwa hubaki ndani ya betri. Hivyo mfumo wa mifuko hauwahusu walio ndani peke yao. Unawahusu hata wasamaria wanaokuja kuwatoa majeruhi kwa mikono mitupu, kama ilivyo desturi yetu njiani. Mtu anayechokoachokoa kompyuta ile ili taa izimike, hajui ameharibu nini kingine.

Mtauliza basi tufanye nini. Nitaeleza yale niliyojifunza, nayo si mengi.

Kwanza, anza na sifuri ya chombo. Kabla ya kulinunua gari, na mara kwa mara baada ya kulinunua, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya mfuko wa hewa. Yapaswa iwake kama sekunde 6, kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna ubovu. Isipowaka kabisa, kuna ubovu, na huenda kuna mtu aliyeuficha. Na ikiwaka na kuzimika sawasawa na taa nyingine, kwa mfano ya oili, ujue huenda waya zake zimeunganishwa pamoja ili kukupumbaza.

Pili, tumia macho na vidole. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria. Rangi isiyolingana, gundi, ufa, au maandishi ya SRS yaliyofutika, yote ni maswali ya kumwuliza muuzaji. Vuta mikanda yote hadi mwisho, usome tarehe kwenye kitambulisho chake. Mkanda uliotengenezwa miaka mingi baada ya gari, au mmoja usiofanana na mwenzake, wakuambia gari lilipata ajali.

Tatu, omba karatasi ya mnada wa Japani pamoja na namba ya chesisi. Daraja lenye herufi R kwenye karatasi hiyo maana yake ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Na kwa namba ya chesisi waweza kujua kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Marekani, ndiyo maana ukiiingiza katika mitambo ya Kimarekani haipatikani. Watengenezaji wa Japani wana kurasa zao katika intaneti, kwa Kijapani, ambapo unaandika herufi za aina ya gari na namba yake. Vijana wenye simu zinazotafsiri lugha wanaweza kuwafanyia baba zao kazi hiyo kwa dakika chache. Hiyo iwe kazi yenu ya likizo.

Nne, fundi asome kompyuta ya mifuko yenyewe, si ya injini peke yake. Zipo mashine zisizoisoma, na fundi mwenye mashine hiyo atakuambia gari ni zima kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa hakuuliza palipo na ugonjwa.

Tano, usinunue mfuko wa mtumba uliotolewa kwenye gari lililogongwa, wala mfuko wa bei ya kutupa usiojulikana umetoka wapi. Mwezi Julai 2024 idara ile ya Marekani iliwaonya wanunuzi wa magari yaliyotumika, baada ya watu 3 kufa na 2 kujeruhiwa vibaya sana katika muda wa miezi 9. Yote yalikuwa magari yaliyokwisha kupata ajali, kisha yakawekewa mifuko rahisi isiyo ya kiwango. Wenye magari wale walidhani wana kinga. Rahisi huwa ghali, na hapa bei yake ni roho ya mtu.

Sita, msijifanye mafundi. Wanafunzi wa fizikia nawaonya hasa nyinyi: msipime kopo la mfuko kwa avomita, maana umeme mdogo wa chombo hicho waweza kulifyatua. Fundi anayejua kazi hutenganisha kwanza betri ndogo, kisha husubiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa chochote, ili umeme uliohifadhiwa ndani uishe. Ukimwona fundi anafungua usukani huku swichi iko wazi, chukua ufunguo wako uende zako.

Saba, fungeni mikanda. Mfuko wa hewa ni msaidizi, mkanda ndio wenye kazi. Mfuko humkuta mtu aliyefunga mkanda mahali anapotakiwa kuwa. Asiyefunga humkuta akiwa ameshamwangukia, na humpiga kama ngumi. Dereva akae mbali na usukani kadiri ya sentimita 25. Watoto wakae nyuma. Mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi.

Ndugu Mwenyekiti, neno moja juu ya sisi tunaokaa maofisini. Siwasemei wakubwa wangu wa kazi. Haya ni maoni yangu mwenyewe. Kenya imeweka mpaka wa umri wa miaka 8 kwa gari linaloingia. Uganda tangu mwaka 2018 imeweka miaka 15. Sisi Tanzania tunalitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Hatua zote hizi hutazama umri, na umri ni jambo la maana. Lakini gari la miaka 6 laweza kuwa na tundu tupu kwenye dashibodi, na gari la miaka 12 laweza kuwa limebadilishiwa kila kitu. Naona ingefaa muuzaji adaiwe karatasi moja zaidi inayoonyesha kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Wapo wanafunzi wa zamani wa shule hii katika bandari, katika bima, katika polisi na katika ofisi za viwango. Kila mmoja akiuliza swali hilo mezani kwake, halitahitaji tume.

Namalizia kwa lile gari. Nilimrudishia mdogo wangu fedha aliyokwisha kunipa. Niliagiza waya wa usukani na mfuko mpya wa abiria, pamoja na kifuniko. Gharama yake sitaitaja, maana mama watoto yupo humu ndani naye aliambiwa nusu. Fundi akaifungua ile taa iliyozibwa. Ilipowaka sekunde zake 6 na kuzimika yenyewe, nilifurahi kuliko siku nilipolinunua. Kisha nikampigia simu mdogo wangu, nikamweleza yote yaliyofanywa, na nikamwuliza kama bado analitaka. Alikuja, akakaa, akafungua swichi, akahesabu taa zote tena toka mwanzo. Sikuudhika. Gari lile ndilo lililomleta hapa leo na watoto wake, nao walikaa nyuma wamefunga mikanda. Nimewaona kwa macho yangu.

Wadogo zangu mnaosoma hapa, mtapata vyeo, na wengine mtapata magari mazuri kuliko haya ya kwetu. Katika kila kazi mtakuta taa inayowaka wakati hamtaki iwake: hesabu isiyolingana, ripoti yenye habari mbaya, mtumishi wa chini anayesema jambo haliendi sawa. Na daima atatokea fundi wa shilingi 30,000 wa kuizima. Gari litaendelea kutembea, na hilo ndilo linalotudanganya. Mkumbukeni yule mwalimu aliyekaa nyuma ya usukani akahesabu kwa kidole, bila kuona haya mbele ya kaka yake.

Nami, ndugu yangu, nakuomba radhi mara ya pili, safari hii mbele ya shule nzima.

 Kabla ya kuondoka jioni hii, twendeni pamoja chini ya miembe tukafungue swichi za magari yetu, tuhesabu taa.